Jembe Lisilogusa Udongo: Constantine Luhaga Masele, 1953–2025

Constantine Luhaga Masele alizaliwa tarehe 14 Agosti 1953 kijijini Lalago, Maswa, mtoto wa tatu wa Mzee Masele na Mama Salu. Mama yake alisema alianza kutembea akiwa na miezi tisa, na tangu siku hiyo hakuketi tena.

Alisoma Shule ya Msingi Lalago hadi darasa la saba, mwaka 1969. Baada ya hapo alilima pamba na kucheza bugobogobo, ngoma ya wakulima wanaorusha majembe. Hapakuwa na kijana wa rika lake aliyeweza kurusha jembe kama yeye na kulidaka kwa shingo.

Mwaka 1975 alipanda lori la pamba hadi Dar es Salaam. Baba yake alipomwuliza kwa barua amepata kazi gani, alijibu, "Ya jembe, baba." Lalago nzima ikaelewa kwamba ameajiriwa Idara ya Kilimo. Ukweli ni kwamba alikuwa mcheza shoo katika klabu ya usiku. Bendi ilipopumzika, taa zilizimwa ikabaki moja, naye akaingia na jembe lililosuguliwa mpaka likang'aa kama kioo. Alilirusha karibu na dari, akalidaka, akapita nalo likizunguka katikati ya meza bila kumwaga glasi ya mtu.

Mwaka 1979 Mzee Masele alimfuata na gunia la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, akataka kuonyeshwa shamba. Luhaga akampeleka mazoezini, mchana.

"Mbona jembe lenyewe halijagusa udongo?"

"Linalima, baba. Ila wavunaji wamevaa tai."

Mzee akalipima mkononi. "Mpini mrefu mno. Haya, nyumbani nitasema unalima."

Tarehe 21 Juni 1980 alifunga ndoa katika Kanisa Katoliki Bariadi na Mwalimu Kabula, binti wa katekista. Mkewe aliujua ukweli kabla ya kuposwa. Hata hivyo, walimu wenzake walipomwuliza kazi ya mumewe, naye alisema Kilimo.

Klabu ilipofungwa mwaka 1987, Luhaga alirudi kwa mkewe Bariadi. Hakutulia. Alifungua mgahawa, akaufunga. Akahamia Nyashimo kuuza dagaa, akarudi. Mlango wa nyumba aliuhamisha mara tatu. Wakulima walipokuja kumwuliza dawa ya wadudu wa pamba, aliwaambia, "Muulizeni mwalimu, ndiye aliyeniajiri Kilimo."

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Hata kitandani hospitalini, miguu yake ilicheza chini ya shuka. Wiki yake ya mwisho alimwambia mkewe, "Mwalimu, nikifa usinilimishe." Alifariki dunia Alhamisi, tarehe 6 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri.

Kamati ya mazishi ilikuwa imeandika, "mtumishi mstaafu wa Idara ya Kilimo." Mkewe ameufuta mstari huo kwa kalamu nyekundu. Constantine Luhaga alikuwa mcheza shoo, tena hodari, na hakuna siku aliyoiaibisha nyumba yake. Jembe lake limekaa sandukuni miaka thelathini na minane. Leo, mkononi mwa mwanawe Novatus, litagusa udongo kwa mara ya kwanza.

Ameacha mke, watoto watatu, Novatus, Salu na Anna, pamoja na wajukuu saba.

Mungu ampe pumziko la amani, naye safari hii akubali kutulia.