Sanduku ya Solo Inavuma

Kijiwe chetu iko hapa Suna, ubavuni mwa duka ya Mokua ya kutengeneza redio, na benchi ni mlango wa zamani tumeulaza juu ya matofali. Mimi nauza kahawa ya tangawizi hapo, na wote wananiita Dani, yaani nyanya, hata wale wenye wako na wajukuu wao. Jumamosi hiyo asubuhi hakuna mtu alikuwa amekaa vizuri. Zablon, mwenye tunaita Solo kwa sababu ya vile vidole vyake hukimbia kwa gita, alikuwa amepata neno kutoka kwa Ratemo wa Awendo. Huyo Ratemo ako na kilabu, na Solo amempigia gita huko kila Jumamosi tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Neno lenyewe lilikuwa fupi: leo kuja na gita peke yake, hiyo amplifaya yako ya zamani wacha Suna, inavuma. Kama hutaki, basi kaa nayo nyumbani. Pikapu ilikuwa njiani kumchukua. Na Solo, zile pahali zingine zote zilishamwacha zikachukua vijana wa kompyuta. Awendo ndiyo imebaki. Akikosa Awendo, gita inarudi ukutani, na mtu kama Solo gita ikirudi ukutani, na yeye mwenyewe anarudi ukutani.

Amplifaya ilikuwa hapo karibu na jiko yangu, imefunikwa blanketi. Aliyeifunika ni Magige, tunamwita Besi Nzito. Kwa sababu ile kitu hukawia kupata moto, Magige alikata shauri ati ikilala karibu na jiko itafika kazini ikiwa tayari. Nilimwambia moto wa makaa na moto wa stima si ndugu. Hakusikia. Kila asubuhi analeta, anafunika, kama mtoto mwenye homa.

Solo: Haiendi, siendi. Imeisha hiyo.

Dorine: Mzee, usiseme imeisha na gari iko Uriri.

Huyu Dorine ndiye mdogo wa kijiwe. Jina yake ya benchi ni Waya, anatembeanga na waya shingoni vile wengine wanatembea na rozari. Gita alifundishwa na huyo huyo Solo. Siku hizi ako na kisanduku kidogo, unaweza fikiri ni redio ya kuskiza mpira.

Dorine: Chukua hii yangu. Ina amplifaya zote za dunia ndani. Hata moja kama hiyo yako iko ndani.

Solo: Yangu iko ndani ya hiyo?

Dorine: Sauti yake, ndiyo.

Solo: Na nani alimwomba ruhusa?

Magige alicheka mpaka kahawa ikamwingia puani.

Magige: Waya, msichana wangu, debe tupu haliachi kuvuma!

Dorine: Besi, si hiyo yenu ndiyo inavuma? Hata Ratemo ndivyo amesema.

Magige akatafuta methali ingine. Hiyo ndiyo shida ya Magige. Anatupa jiwe, halafu anasimama pale linaangukia.

Solo: Skizeni niwaambie. Ndani ya hii kuna chupa za glasi. Mafundi wanaita valvu. Ukiwasha, zinawaka nyekundu polepole. Sauti ikipita hapo inapikwa. Inaiva. Hiyo ya Waya ni sauti mbichi. Nani hapa anakula ugali mbichi?

Dorine: Yako inaungua.

Solo: Ukoko ndio mtamu, wewe!

Mokua: Hapana, Solo. Si kupika.

Mokua ndiye mwenye duka. Tunamwita Daktari kwa sababu redio hufia mikononi mwake na anapea wenyewe pole. Alifuta miwani na shati, hapo nikajua uongo unakuja na viatu.

Mokua: Ni stima. Stima si moja. Kuna stima tamu na stima chungu. Hii yetu ikipita juu ya mashamba ya miwa, inanyonya. Ndiyo maana hii amplifaya Awendo inalia tamu kuliko hapa Suna. Zile chupa zinachuja. Chungu inabaki nyuma, tamu inatoka kwa spika.

Dorine: Daktari, stima inanyonya miwa?

Mokua: Umeona nyuki wakikaa kwa waya za stima?

Dorine: Hapana.

Mokua: Kwa sababu zimefunikwa.

Magige: Wote mmepotea. Glasi hutengenezwa na nini? Mchanga. Na huo mchanga ni wa ziwa. Solo, si hii kitu ilitoka Homa Bay?

Hapo waliniangalia mimi, kwa sababu mimi ndiyo naijua tangu zamani. Nikawaambia ndiyo. Wakati huo nilikuwa nimeolewa juzi. Kulikuwa na Mhindi wa nguo huko Homa Bay, alikuwa akiiweka mlangoni kutangaza vitambaa vimefika. Alipohama, kaka yake Solo akaichukua, na ikaanza kupiga muziki pale sokoni. Bwana yangu alikuwa mtu wa kanisa, hachezi. Siku hiyo alisimama kando na Biblia kwapani, lakini nikaona kiatu kimoja kinacheza peke yake.

Magige: Mnaona! Ndiyo maana siku tulipiga pale ufukoni omena walikuja juu. Samaki wanajua mchanga wao. Na si samaki tu. Kuna kuku wa jirani yangu alipanda juu ya hii sanduku ikiwa moto, akalalia mayai hapo. Vifaranga vilipotoka, majogoo wote waliwika kwa sauti moja. Mpaka leo kijiji kizima inaamka ikicheza.

Dorine: Besi!

Magige: Uliza Kuria wote. Haba na haba hujaza kibaba!

Solo hakucheka. Alikuwa anaangalia barabara.

Dorine aliona hiyo. Alisogea karibu na yeye, akateremsha sauti.

Dorine: Mzee, Ratemo aliniita mimi. Alisema ukikataa niende mimi. Nilimwambia siendi kukalia kiti yako. Kwa hivyo ukikataa, hakuna mtu anaenda. Simba mwenda kimya ndiye mla nyama. Beba hii kisanduku, ufike, upige. Mimi nataka tu upige.

Solo: Mtoto wangu, umenipenda. Lakini huwezi kunipenda halafu uniambie niwache mkono nyumbani.

Dorine: Ni sanduku!

Solo: Basi mwambie Ratemo awache mlango wa kilabu yake nyumbani, tuone atafungua nini.

Nilimwongeza kahawa. Mtu akiwa amesimama kwa neno lake, unamwekea tu kitu moto mkononi.

Basi pikapu ikafika. Aliyeshuka ni msichana mrefu, Jerusha, anafanyia Ratemo kazi: mchana anaendesha hiyo pikapu na kreti za soda, jioni anazunguka na trei. Ukimtoa Solo, sisi wa benchi hatukuwa tunamjua. Akanisalimia vizuri, kwa Kijaluo.

Jerusha: Oyawore, Dani.

Oyawore ahinya, nyathina, mtoto wangu, nikamwambia. Wewe ni wa wapi?

Jerusha: Nyar Uriri, msichana wa huko. Nimetumwa gita. Gita peke yake, ndivyo Ratemo amesema. Iko wapi?

Magige: Gita iko. Mwenyewe ndiyo hayuko.

Jerusha: Si huyu hapa?

Magige: Huyu ni mwili.

Nilimpimia kahawa akakaa. Mara moja wote watatu wakamrukia: Daktari na stima yake tamu, Magige na majogoo, Solo na ugali. Jerusha alikunywa, akaskiza wote mpaka mwisho. Halafu akaangalia ile blanketi.

Jerusha: Nyote mnasema ni tamu. Hata mimi nasikianga ni tamu. Lakini Ratemo hajasema si tamu, amesema inavuma. Ile mmmm yenye inalianga hata kama hakuna mtu anapiga. Hiyo mmmm ni ya nini?

Daktari alishika miwani afute, akairudisha puani. Magige alisema, "Hiyo ni ya..." akaangalia kahawa yake kama jibu limezama humo. Tukamwangalia Solo.

Solo: Sijui. Nimeisikia mpaka siisikii tena.

Dorine: Mnaona? Ni kelele. Hii yangu iko na kitu ndani ya kukata kelele. Ukipiga chini sana, inanyamaza kabisa. Jerusha, simama nikuonyeshe. Jifanye wewe ni mteja. Nitapiga chini chini, wewe jisifu.

Kwetu huku muziki si wa kuskiza tu. Kuna pakruok. Mtu anasimama katikati ya wimbo, anainua mkono, bendi inashuka, na anajisifu mbele ya watu: yeye ni nani, wa nani, amefanya nini. Akimaliza, gita inapanda tena na yeye anaketi akiwa mkubwa kuliko vile alisimama. Kilabu bila pakruok ni hoteli ya chai.

Jerusha: Mimi? Mimi ni wa trei. Wenye meza ndio hujisifu.

Dorine: Leo uko na benchi.

Daktari alitoa waya ya stima dirishani. Dorine akachukua gita yake akapiga kidogo, na vidole vyake ni vizuri, siwezi mdanganya Mungu. Jerusha akainua mkono, akicheka. Dorine akashuka chini. Kisanduku kikakata.

Kimya. Unasikia posho mill ya huko mbele. Unasikia mtu anatema mate ng'ambo ya barabara.

Jerusha: Mimi ni Jerusha... nyar Uriri...

Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Akashika mdomo na kiganja.

Jerusha: Aa, siwezi. Ni kama naongea peke yangu. Watu watasema nimerogwa.

Dorine: Ngoja, naweza kuzima hiyo ya kukata.

Akazima. Akarudia. Gita ikabaki ikidondoka, moja, moja, na katikati ya moja na moja hakuna kitu. Jerusha alijaribu jina la mama yake tu, akaketi.

Solo aliinuka. Alitoa blanketi, akaichomeka ile sanduku yake kwa stima ya Daktari, akawasha, na tukangoja. Magige alitaka kuongea nikamkanyaga mguu. Huko nyuma zile chupa zikaanza kuwaka, nyekundu ya jioni, halafu ikaja. Mmmmm. Solo akachukua gita, akapiga kitu cha zamani, cha kutembea polepole, akashuka chini kabisa mpaka unasikia ngozi ya kidole kwa waya.

Hakuna mtu alimwambia Jerusha asimame. Alijikuta tu amesimama.

Jerusha: Mimi Jerusha! Nyar Uriri! Msichana wa Truphena, mwenye alilima na jembe ya kuazima na hakuna mtoto wake alilala njaa!

Akavuta pumzi. Na ile mmmm ikamshikia nafasi yake, vile mtu anakushikia mlango uingie na mzigo.

Jerusha: Mimi mwenye hubeba trei katikati ya watu wakicheza, na soda haijui kama tumetembea! Mlevi akinishika mkono, anabaki ameshika hewa! Pikapu ikikwama kwa matope, Ratemo anaita jina la Mungu, lakini mwenye anaitoa ni mimi! Miwa ya Awendo ni mirefu, lakini mimi nikipita inainama!

Watu wa posho mill walikuwa wametoka na unga usoni. Mmoja akapiga kigelegele. Solo akapandisha gita, na Jerusha akabaki hapo, mkono bado juu, jasho kwa kifua, anahema kama amepigana na amepiga.

Dorine alikuwa tayari anakunja waya zake.

Solo: Yako si mbaya, Waya.

Dorine: Wacha, mzee. Nina masikio.

Magige: Asiyesikia la mkuu...

Nikamwambia Magige leo methali zimetosha.

Jerusha alijipangusa na leso. Akaenda kwa sanduku, akainama, akaipima kwa macho vile unapima ng'ombe.

Jerusha: Hii haiwezi kaa nyuma na kreti. Glasi zitapasuka. Itakaa mbele na mimi.

Solo: Ratemo alikutuma gita peke yake.

Jerusha: Alinituma. Na kila Jumamosi yeye ndiye wa kwanza kuinua mkono, na anajisifu mpaka chakula inapoa. Nitamwambia mbele ya watu: kama hataki hii iingie, leo aanze yeye, ajisifu kwa kimya. Akiweza, nitarudisha sanduku, na trei yake pia nimrudishie.

Mokua: Utapoteza kazi, msichana.

Jerusha: Daktari, si umesikia mimi ni nani?

Daktari mwenyewe ndiye alichomoa waya ya stima.

Magige alishika upande moja, Solo upande mwingine, wakaiweka kiti ya mbele. Solo akapanda nyuma kati ya kreti, gita mkononi, kifua mbele. Dorine akaruka nyuma pia, na gita yake tu, kisanduku alikipea Daktari amtunzie. Magige akafuata, pikapu ikashuka kidogo.

Mokua alininyoshea kikombe. Nikainamisha birika ikatoa tone moja, ikaisha. Nikamwagia jiko jivu, nikamwambia aniangalizie vikombe. Nikafungua mlango wa mbele nikamwambia Jerusha avute hiyo sanduku kidogo upande wake.

Jerusha: Dani, na wewe unaenda wapi?

Awendo, nikamwambia. Niko na maneno yangu ya kujisifu. Yamekaa sana, na kwa bwana yangu hayakuwa ya kusemwa kwa sauti. Endesha, nyathina.