Etye Yewubdar, Aliyeishusha Hotuba ya Mkurugenzi

Weyzero, yaani Bibi, Yewubdar Desta anastaafu leo, tarehe 30 Sene 2017 kwa kalenda yetu ya Ethiopia, baada ya kuitumikia kampuni yetu miaka thelathini na mitatu na miezi saba. Katika muda huo amepokea wakurugenzi watano, ametumia madawati matatu, na ameugua siku nne tu, mbili kati ya hizo tukishuku alikuwa harusini. Hakuna mtu katika jengo hili anayemwita kwa jina lake kamili. Ni Etye, dada yetu mkubwa, hata kwa wakuu wanaomzidi mshahara, na hata kwa wale wawili watatu wanaomzidi umri.

Nimetakiwa niandike mimi taarifa hii ya kumuaga kwa sababu, kama walivyoniambia ofisini, "wewe Eyasu ndiye uliyemsumbua kuliko wote." Sibishi. Menyu ya pembeni ya kwanza kabisa ya tovuti yetu ya miongozo niliitengeneza mimi. Etye ndiye aliyeifanya isomeke na binadamu.

Aliajiriwa mwezi wa Hidar 1984 kutunza chumba cha vitabu vya mwongozo, pale chini kando ya ngazi. Wakati ule tulikuwa tukiunda mafriji ya chanjo yanayotumia mafuta ya taa, na kila aina ilikuwa na kitabu chake. Fundi aliingia akitaja namba ya kitabu anachokitaka. Etye hakuisikiliza namba. Alimuuliza, "Friji lako linafanya nini?" Fundi akisema linatoa moshi, anakabidhiwa kitabu kikiwa tayari kimefunguliwa kwenye ukurasa wa moshi, na mara nyingi hakikuwa kile alichokitaja. Mafundi walinung'unika kwamba wanafanywa watoto wa chekechea. Walinung'unika hivyo kwa miaka ishirini na minne, na wote walirudi.

Mwaka 2008, mafriji ya jua yakiwa yamechukua nafasi ya yale ya mafuta, vitabu vyote viliingizwa kwenye tovuti ili wahudumu wa afya wavisome kwa simu huko walipo. Kazi ya kupanga menyu, ile orodha ya pembeni unayoibofya ikupeleke unakotaka, nilipewa mimi. Nilikuwa na shahada mbichi na uhakika mwingi. Nilichukua chati ya idara za kampuni nikaigeuza kuwa menyu, mistari mia mbili na kumi na minne. Juu kabisa niliweka Hotuba ya Mkurugenzi, kwa sababu nilikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio.

Chini ya hotuba ndipo palipozuka vita. Ato, yaani Bwana, Legesse wa kompresa alitaka idara yake iwe ya kwanza, kwani bila kompresa friji ni kabati la nguo. Injinia Feven wa umeme wa jua akamjibu kwamba bila jua kompresa ni jiwe la kufungia mlango. Baada ya vikao vitatu na kahawa nyingi, walikubaliana jambo lililoonekana la haki: tufuate alfabeti. Alfabeti yetu inaanza na ha. Kufikia Jumatatu, sura ya kompresa ilikuwa imebadilishwa jina kuwa "Hali ya Kompresa," ya umeme wa jua ikawa "Hazina ya Jua," na watu wa dhamana ya mafriji, waliochelewa kupata habari, wakajiita "Huruma ya Kampuni." Etye, ambaye kazi yake mpya ilikuwa kupokea simu na kusahihisha tahajia, aliitazama orodha ile akaniambia, "Mwanangu, hii si menyu. Hii ni picha ya harusi, kila mtu anataka kusimama karibu na bibi harusi." Nilicheka. Sikubadilisha kitu.

Ilikuwa Ijumaa moja ya mwaka 2009, saa nne asubuhi, simu ilipolia mezani kwake. Namba yake ndiyo iliyoandikwa mwisho wa kila ukurasa, maana hakuna idara nyingine iliyokubali iandikwe ya kwake. Aliyepiga alikuwa Medina Hummed, mhudumu wa kituo cha afya cha kijiji huko Afar, upande wa Asaita. Friji lake la chanjo lilikuwa linapiga kelele, na kesho yake watoto wa vijiji vinne walikuwa wanaletwa kuchanjwa surua.

"Mama, nimeteremka kwenye menyu yenu hii mpaka kidole kimeota sugu," alisema. Najua alivyosema kwa sababu Etye aliweka simu kwa sauti ya wazi, akanikonyeza nisogee.

"Nisomee unachokiona."

"Hotuba ya Mkurugenzi. Hali ya Kompresa. Hazina ya Jua. Huruma ya Kampuni. Hii huruma niliibofya, mama. Inaniuliza risiti."

"Friji lako linafanya nini?"

"Linalia. Na taa nyekundu imewaka. Kipimo kinasema nyuzi saba."

Chanjo ile ikipita nyuzi nane ni mashaka, na huko nje joto lilikuwa linakaribia arobaini. Ukurasa aliouhitaji ulikuwepo. Niliukumbuka vizuri, kwani niliuweka mwenyewe: ulikuwa ndani ya Hali ya Kompresa, ndani ya Viambatisho, ndani ya Vinginevyo, kwa jina la "Taratibu za Ishara za Tahadhari Daraja la Pili." Nilianza kuutafuta kwenye kompyuta yangu nikapotea njia mara mbili. Wakati nahangaika, Etye aliteremka ngazi hadi chumba chake cha zamani, akarudi na kitabu cha karatasi ambacho ofisi ilikwisha kumwamuru mara mbili akitupe, kikiwa kimefunguliwa tayari.

"Nenda nje ukaitazame paneli ya jua kwa macho yako," alimwambia Medina. "Usiniambie ilivyokuwa jana. Kaitazame sasa."

Tulisikia mlango, halafu nyayo. Kisha tukasikia sauti ya Medina kutoka mbali, si kwetu bali kwa mlinzi wa kituo, na sitaiandika hapa kwa kuwa taarifa hii itasomwa na familia zenu. Mlinzi alikuwa amefua. Alikuwa ametafuta mahali pazuri penye jua pa kuanikia shuka zake mbili na shati, na kijijini hapo hapakuwa na mahali penye jua zuri kuliko juu ya paneli yetu.

Friji lilinyamaza baada ya dakika ishirini. Etye hakukata simu mpaka kipimo kiliporudi nyuzi tano. Alipoiweka chini, nilijua vizuri kosa lilikuwa la nani. Nilimwambia samahani. Akasema, "Samahani haibofyeki. Nionyeshe hilo faili."

Alasiri ile nilimfundisha faili la mpangilio. Ni maandishi matupu: kila mstari ni kitu kimoja kwenye menyu, na nafasi unazoziacha mwanzoni mwa mstari ndizo zinazosema nani yuko chini ya nani. Alilielewa kwa robo saa. Alisema ni kama kupanga wageni kwenye mkeka, tofauti ni kwamba wageni wa huku hawanuni. Akalichapisha kwenye karatasi, akachukua rula ya mbao, akaanza kupima nafasi kwa kalamu nyekundu. Mpaka wiki iliyopita alikuwa bado anatumia rula, na amegundua kwa rula makosa ambayo programu zangu ziliyapita zikisalimia.

Bila kumwomba mtu ruhusa, aliweka juu ya menyu mistari mipya: Friji linalia. Taa nyekundu imewaka. Halipoi. Linagandisha. Linanuka. Idara zote akazishusha chini yake, na Hotuba ya Mkurugenzi akaiweka mwisho kabisa. Akabofya kuhifadhi, akavaa netela yake, shali nyeupe, akaenda kanisani.

Rula, lakini, haikupima kila kitu. Chini ya "Linanuka" alikuwa ameacha nafasi mbili za ziada, na kwa sheria za faili lile, vyote vilivyofuata vikahesabiwa kuwa ni watoto wa mstari huo. Jumatatu asubuhi mkurugenzi wetu wa wakati huo, Ato Demissew, alifungua tovuti awaonyeshe wageni kutoka wizarani. Akabofya huku, akabofya kule, hotuba yake haonekani. Ni mgeni mmoja ndiye aliyeipata. Ilikuwa chini ya kichwa kisemacho "Linanuka," pamoja na Majina ya Wakuu wa Idara.

Tuliitwa ofisini kwake saa tano. Ato Legesse na Injinia Feven walikuwa wamekwisha kuketi, wamekubaliana kwa mara ya kwanza katika historia ya kampuni.

"Etye Yewubdar," Ato Demissew alisema taratibu, "naomba unieleze kwa nini niko chini ya uvundo."

"Ni nafasi mbili zimezidi mwanzoni mwa mstari, Ato Demissew. Hilo ni kosa langu, nitazitoa sasa hivi." Alikunja mikono. "Lakini hotuba hairudi juu."

Barua ya onyo ilikuwa mezani, imechapishwa, bado saini tu. Ya kwangu ilikuwa chini yake, nami nakiri nilikuwa nimekwisha kutunga moyoni maneno ya kumkana. Etye hakuitazama barua. Aliomba jambo moja. Friji la maonyesho lililosimama kwenye kona ya ofisi ile lifunguliwe mlango mpaka lilie, na wakuu watatu wachukue simu zao, watumie menyu yangu ya zamani, niliyoambiwa niirudishe kwa muda, waonyeshe mhudumu anapaswa kufanya nini. Ato Legesse alikubali upesi, kwani ukurasa wenyewe aliuandika yeye.

Friji lilianza kulia. Wasioyajua mafriji yetu wafahamu kwamba kelele ile ilibuniwa ili hata aliye kisimani aisikie. Dakika ya tatu, Injinia Feven alikuwa anasoma historia ya idara yake na kuona kwamba jina lake limekosewa. Dakika ya sita, Ato Legesse alikuwa ndani ya Viambatisho anatokwa na jasho, anasema, "Upo, upo, niliuandika mwenyewe, hebu subirini." Dakika ya tisa aliukana ukurasa huo, akasema labda ulifutwa na Eyasu. Dakika ya kumi na moja, Ato Demissew aliweka simu mezani, akaenda kwenye kona, akachomoa waya ukutani. Ofisi ikawa kimya.

Etye akauliza kwa upole, "Na chanjo?"

Ato Demissew aliutazama waya ulio mkononi mwake. Kisha akauchomeka tena, akakaa, akazichana barua zote mbili, moja moja, kwa uangalifu wa mtu anayechana kitu kilichogongwa muhuri. "Toa hizo nafasi mbili," alisema. "Mengine yaache yalivyo." Heri yake popote alipo, ni mkurugenzi pekee ninayemjua aliyekubali kuwa mstari wa mwisho.

Miaka minane tangu siku ile, mistari ya juu ya menyu yetu ni ya Etye. Aliwapigia simu wahudumu wa Jigjiga, Jimma na Gambela kuwauliza wao wanasemaje friji likiharibika, na akaandika walivyosema, si tulivyotaka waseme. Ndiyo maana kwa Kisomali friji letu "linaita," na kwa Kioromo "linalalamika." Neno "Vinginevyo" alilipiga marufuku kabisa, aliliita droo ya jikoni, mahali pa vifuniko visivyo na sufuria. Mkuu wa idara akitaka kuongeza mstari kwenye menyu, alitakiwa kwanza aseme mstari gani utoke. Wajanja walijifunza kutopeleka maombi hayo siku za mfungo, Jumatano na Ijumaa, maana hapo jibu lilitoka kabla swali halijafika. Leo menyu ina mistari thelathini na mmoja. Simu za dharura zilizokuwa zikija kumi kwa siku, sasa huja mbili kwa wiki, na moja kati yake huwa ni mtu anayetaka kumsalimia Etye.

Tunakushukuru, Etye. Tunakushukuru kwa simu ambazo hukuzikata na vitabu ulivyokataa kutupa, na kwa kutufundisha sisi wenye shahada kwamba mtu mwenye taa nyekundu mbele yake hana haja ya kujua nani mkuu wa idara gani. Mimi binafsi nakushukuru kwa siku ile ofisini, ulipobeba kosa lako mdomoni ukayaacha ya kwangu bila kuyataja, nawe ulikuwa unayajua yote.

Tunaambiwa unahamia Debre Birhan kwa mdogo wako, mwenye kondoo, mizinga ya nyuki na baridi ya kutosha. Mungu akujalie afya, macho na magoti. Uamke unapotaka, unywe kahawa zote tatu za desturi yetu bila simu kulia, na katika maisha yako yote yaliyobaki asitokee mtu wa kukuuliza kitu hiki kikae wapi.