Bendi Iliyoingia kwa Mlango wa Jikoni

Kijiwe chetu ni benchi moja nje ya chumba cha mashine za kufulia, hapa mtaa wa Vickery Meadow, Dallas. Jumapili baada ya ibada nguo huzunguka ndani, maneno huzunguka nje, na chupa ya kahawa ya tangawizi hupita kati yetu. Yupo Njoroge, tunayemwita Waziri kwa kuwa hueleza kila jambo asiloulizwa. Yupo Sheldon, anayemhudumia mzee wa Kimarekani kule Lewisville na kutazama naye sinema za kale za kuimba na kuchekesha. Na yupo Gracien, jina la benchi Solo, ambaye gitaa lake linaozea nyumbani huku yeye anasukuma maboksi ghalani. Siku hiyo Solo alikuwa amenuna. Ameitwa kupiga kwenye harusi ya matajiri kule Irving, naye anatakiwa ajibu leo. Sharti lao: aingie kwa mlango wa jikoni, apige wimbo mmoja, apotee. Mimi nilitaka sana aende.

Sheldon akatoa simu.

— Cheki hii, Solo. Hata hawa waliingia kwa jikoni.

Kwenye sinema matajiri wanakula, bwana mmoja anateleza na keki. Mara mlango wa jikoni unafunguka, wanaingia Weusi watano wenye suti nyeupe: tarumbeta, besi, ngoma. Walipiga mpaka benchi letu likacheza! Kisha wakatoka, na sinema ikaendelea kama vile hawakuja.

Solo: Bale ba-musiciens balienda wapi?

Waziri: Kazi ya pili. Walikuwa na shift.

Sheldon: Buda, hiyo ni sinema ya kitambo. Shift gani?

Waziri: Kwani kazi mbili zilianza na wewe? Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Sheldon: Inaingiaje hapo?

Waziri: Wa besi aliinama, hukuona?

Mimi: Labda waliwahi basi la mwisho.

Waziri: Zii! Nimegundua. Walikuwa wapelelezi. Lile tarumbeta lina redio ndani.

Sheldon: Maze, hiyo kahawa umeweka nini?

Waziri: Ama hawakutoka kabisa. Wako jikoni mpaka leo, wanangoja kuitwa kwa wimbo wa pili.

Tulicheka, lakini Solo hakucheka.

Sheldon: Mzee wangu wa Lewisville anasema alipoitazama akiwa mtoto, hapa hapa Dallas, hicho kipande hakikuwepo. Sinema zikiletwa huku kusini, vipande vyenye Weusi vilikuwa vinakatwa. Ndio maana waliwekwa pembeni ya hadithi, mkasi upite bila shida.

Solo: Voilà. Basi miye siendi.

Hapo akatoka Mama Annonciata, jirani yetu wa Bukavu, na beseni la nguo kiunoni. Sheldon akamwonyesha kipande kile. Mama akatazama, mabega yakicheza, kisha akaigusa kwa kidole meza ya matajiri pale kwenye simu.

— Banapiga muzuri sana. Na chakula, balipewa?

Kwetu sote, Wakenya kwa Wakongo, mpigaji akiondoka na njaa harusi hiyo itasemwa mpaka na wajukuu. Nikashika chupa nimimine kahawa, kumbe imekwisha.

Solo akachukua simu yake akampigia mwenye harusi, kwa Kiingereza chake anachokionea aibu. Atakuja, alisema, lakini kwa mlango wa mbele, na akishapiga atakaa mezani, ale kama watu. Kisha akasikiliza. Nikamsogelea kana kwamba gitaa ni langu.

Akaiziba simu kwa kiganja.

— Mulango ni sawa. Sasa anauliza: kuku ao samaki?

Waziri: Kuku! Wahenga walisema—

— Mwambie vyote, akasema Mama Annonciata, akalipandisha beseni lake kiunoni. Bale batano ba mu sinema balishinda na njaa.