Blogu za Klabu ya Baiskeli Kimamba

Benchi la Mudi muuza kahawa liko kando ya reli pale Kimamba, limeegemea ukuta wa duka ambalo siku hizi halifunguliwi. Jioni Mzee Bonifas hukaa mwisho wa benchi, akishika kikombe kwa mikono miwili na kuwasikiliza vijana. Walikuwa marafiki wa mwanawe Yeremia, aliyeanzisha klabu ya baiskeli hapo mjini, na ambaye Mungu alimchukua wakati wa masika. Tangu azikwe, wanachama walipungua mpaka wakabaki wawili: Goodhope fundi simu, anayeitwa Mtandao, na Oswald wa bodaboda, anayeitwa Breki kwa kuwa hazitumii. Mzee alimwomba Mungu jambo moja tu kuhusu klabu ile, isimfuate mwanawe kaburini.

Siku moja Mtandao alikuja na dawa. Alikuwa ametengeneza tovuti ya klabu, na kila atakayejiunga angepewa blogu yake mwenyewe, yenye jina lake na picha yake, aandike apendavyo. Watu wanapenda kusomwa, alisema, watakuja wenyewe. Yeye na Breki walikwisha kuandika. Hata mzee alikuwa amepewa yake wiki iliyotangulia. Alisimulia taratibu, Mtandao akamwandikia.

Mudi akataka kujua Breki ameandika nini. Breki akasema ameeleza alivyolipita lori la miwa kwenye barabara ya Kidodi.

— Lori lenyewe lilikuwa linatembea?

— Hilo sijaliandika.

Kutoka hapo maneno yakapanda. Mtandao alisema watalii wanaokwenda Mikumi watazisoma blogu hizo na kuacha magari yao. Breki akaongeza kuwa mbuga itaomba klabu iwasindikize wageni, maana baiskeli haina mngurumo na twiga hashtuki. Mudi akauliza habari za simba. Breki akajibu kwamba simba akisikia kengele atapisha, kama ng'ombe wanavyopisha. Mtandao hakukubali kuachwa nyuma: hata asiye na baiskeli apokewe, alisema, mradi ana simu.

— Kwa hiyo ni klabu ya baiskeli isiyo na baiskeli, Mudi alisema.

— Ni klabu ya kisasa, kaka.

Mzee Bonifas alikunywa kahawa yake. Kulikuwa na neno alilotaka kuwaambia kwa muda mrefu, lakini aliona si adabu kwake kuwahimiza.

Wakati huo akafika msichana akisukuma baiskeli, vumbi mpaka magotini.

— Shikamooni.

Mzee akaitika marahaba. Msichana alisema anaitwa Ziada, ametoka Kilosa, na amesoma blogu ya baba mmoja anayeeleza mwanawe alivyokuwa akiweka mkono juu ya kiti cha baiskeli na kusali kabla ya kuondoka. Mtandao alimwonyesha mzee kwa kidevu.

— Nimekuja kujiunga, alisema Ziada. Mnaendesha siku gani?

Mtandao alimtazama Breki. Breki alitazama kikombe chake. Ziada akadhani hakusikika, akauliza tena.

— Hatujaendesha tangu msiba, Mtandao alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. Mzee, msiba ni wako. Hatukuweza kuingia barabarani kabla hujaturuhusu.

Mzee aliweka kikombe chini. Siku mchungaji alipokuja kuondoa matanga, majirani walikunja mikeka na kila mtu akarudi kazini kwake, naye alidhani kwa hayo klabu nayo imeruhusiwa kurudi barabarani. Tangu hapo, kila Jumamosi alfajiri, alingoja kusikia kengele zao zikipita mbele ya nyumba. Hazikupita. Akaamini wamemsahau mtoto wake, akamwachia Mungu.

— Mimi nilikuwa nawasubiri ninyi, alisema.

Mudi alikuwa ameshika buli bila kumimina.

Mzee akamgeukia msichana.

— Umekuja kwa baiskeli, peke yako, toka Kilosa?

— Ndiyo, baba.

— Basi hutarudi peke yako. Jua bado lipo. Vijana, msindikizeni.

Breki alisimama, akakuna kichwa.

— Baiskeli yangu haina upepo, mzee.

— Nenda ukajaze, Bonifas alisema. Mgeni anakungoja.