Siku Fundi Randa Alipotoka Ghorofa ya Nne

Benchi letu liko kwenye kona, mbele ya kibanda changu cha kushona viatu. Ng'ambo ya barabara ndipo lilipokuwa ghala la magunia. Miaka mitano iliyopita vijana sita walikodi chumba kimoja mle, wakaingia na kompyuta mbili na feni moja. Leo pale pana jengo la ghorofa nne, watu wanaingia na kadi shingoni tangu alfajiri, na mitaa miwili ya nyuma imejaa karakana za wenzao. Asubuhi hiyo tulikuwa tumelikodolea macho kuliko siku zote, maana mwenzetu alikuwa ndani, ghorofa ya nne. Fundi Randa, seremala, alikaa miaka thelathini kando ya msumeno wa umeme mpaka masikio yakafa. Kwa miaka tisa tuliongea naye kwa vidole, na kwa chaki kwenye kipande cha ubao. Sasa mpwa wake, binti wa dada yake, aliyeajiriwa mle, alikuja kumchukua ili ajaribu kifaa cha kusikia walichokibuni wao wenyewe. Kwanza alikataa. Aliniambia, kwa ile sauti yake ya juu ya mtu asiyejisikia:

— Kikishindwa, nitakuwa kiziwi mara mbili.

Pale benchini mjadala ulishapamba moto.

— Hakitafanya kazi, alisema Profesa, kinyozi wa jirani, aliyeishia darasa la saba lakini hakuna asilolijua. Wahenga walishamaliza: sikio la kufa halisikii dawa.

— Hiyo ni ya mkaidi, nikamwambia.

— Sikio ni sikio.

Spika, muuza mitumba, tulimpa jina hilo kwa sababu akinong'ona mtaa mzima unajua. Akasogea mbele.

— Nyinyi hamjui mle ndani kuna nini. Wanatengeneza mtu. Wameanza na sikio. Mwakani jicho, mwaka wa pili goti. Haba na haba hujaza kibaba.

— Mtu mzima atoke kwenye ghala la magunia? akauliza Mama Birika, anayetuuzia kahawa.

— Wanaingiza nini? Maboksi makubwa. Wanatoa nini? Maboksi madogo. Hicho kinachobaki kiko wapi?

Lilikuwa swali zito.

— Mimi nimemnyoa mmoja wao, Profesa akasema, na safari hii hakuwa anatamba. Miaka miwili wamekaa sokoni, stendi, gereji, wanarekodi kelele. Halafu wanakifundisha kifaa: hii ni kelele, itupe; huyu ni mtu anaongea, mlete karibu. Vile vya kutoka nje vinajua kelele za huko kwao. Hiki kimesomea hapa hapa, kwa lugha yetu.

— Yaani kinatujua sisi? aliuliza Mama Birika polepole.

— Kinatujua. Kelele za Spika bila shaka wamezichukua. Kimefundishwa kuzitupa.

Hatukumaliza kucheka. Mlango wa ng'ambo ulifunguka na Fundi akatoka, mpwa wake kamshika mkono. Alikuwa anatembea kama mtu aliye kwenye sakafu yenye maji. Nyuma ya kila sikio palikuwa na kitu kidogo, ukubwa wa punje ya haragwe. Wakaingia barabarani. Pikipiki ikatokea kwenye kona, upande asiouangalia, na Fundi akageuza kichwa.

Mwenyewe. Kabla hajaiona. Miaka tisa nilikuwa namvuta shati kila pikipiki inapopita.

Mama Birika akaweka mkono mdomoni.

— Shikamooni, alisema yule binti walipofika.

— Marahaba.

— Naomba mnisaidie. Ndani amesikia, lakini ndani ni kimya. Nataka nijue kama atasikia hapa kwenye kelele. Ongeeni naye kwa sauti ya kawaida tu. Nani ataanza?

Hakuna aliyeanza. Benchi lile halijawahi kunyamaza tangu lipigiliwe misumari, na sasa kila mtu alikuwa anaangalia viatu vyake. Profesa alikuwa akimwita Fundi bahili mbele ya uso wake, kila siku, huku akimtabasamia. Mimi nilikuwa natafuta neno. Hata mama yangu alipofariki, Fundi nilimwandikia kwa chaki, maneno matatu, nikafuta.

— Mbona mmekufa? aliuliza Fundi.

Aliuliza kwa sauti ya chini. Sauti ile nilikuwa nimeshaisahau.

— Hujambo, Fundi, akajikaza Spika kwa mnong'ono.

Fundi akamtazama kwa muda.

— Kumbe una kasauti kembamba hivyo. Miaka yote nilidhani jina umelipata kwa haki.

Tukalipuka kwa kicheko. Fundi akaziba masikio kwa viganja, uso umekunjamana, na mpwa wake akashika simu haraka.

— Mjomba, nikipunguze sauti?

— Usiguse.

Akaondoa kiganja kimoja, kisha cha pili. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Binti naye akageukia pembeni.

Mama Birika alifanya analolijua. Akachukua kikombe, akaanza kumimina. Fundi akainua mkono.

— Hiyo ni nini?

— Kahawa, Fundi.

— Hapana, hiyo sauti.

— Ndiyo kahawa yenyewe.

Akainama mpaka sikio likakaribia kikombe.

— Inapanda, akasema. Kikombe kikikaribia kujaa, sauti inapanda. Zamani nayo ilikuwa hivi?

Nilimtazama Profesa, Profesa akamtazama Spika. Tumekunywa kahawa ile kila siku ya Mungu, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuisikiliza.

— Mimina tena, alisema Fundi.

Mama Birika akamimina changu, cha Profesa, cha Spika, cha yule binti, kisha vya wapita njia waliosimama bila kujua wamesimama kwa nini, na hakuna aliyekohoa mpaka birika likaisha.