Mwalimu Akanisi na Chakula cha Kati ya Mbio Mbili

Bula, hamjambo, wasikilizaji wapendwa. Mvua imetupiga hapa Savusavu, Fiji, wiki nzima, na sauti yangu mnaisikia ilivyo. Tumetoka msibani. Mwalimu Akanisi Rokosuka amefariki. Mwalimu Akanisi, aliyewafundisha wasichana wetu mbio ndefu, tumemzika Jumamosi.

Wengi mlimjua kwa ule ugomvi wa chakula. Siku ya mashindano msichana anakimbia mita elfu tatu asubuhi, na elfu moja na mia tano alasiri. Katikati, jamaa wanafika na vyungu. Mwalimu anasimama mbele yao, anakataa. Mwaka nenda mwaka rudi, anakataa.

Hakuanza hivyo. Alipokuwa msichana, alishinda mbio za asubuhi. Bibi yake akamletea nyama ya nguruwe, magimbi, na majani yaliyokolea tui. Angemkatalia vipi bibi? Alikula akamaliza. Alasiri akafika mzunguko wa pili. Alitapika mbele ya jukwaa na watu wakacheka.

Mumewe, Maciu, ameniambia: "Kushindwa hakukumuuma sana. Kilichomuuma ni bibi. Bibi alijiona ndiye aliyemdhuru mtoto, hakukanyaga tena uwanjani."

Basi akafundisha hivi, nami narudia alivyokuwa akisema. Ukimaliza mbio za kwanza, kunywa maji kidogo kidogo. Kula ndizi mbivu, au mkate mweupe na jamu. Kama una saa tatu au nne mbele yako, ongeza wali mtupu na yai, lakini kidogo, na umalize mapema. Kama una saa moja tu, ni maji na vipande vya ndizi, basi. Nyama, mafuta na tui vingoje mbio ziishe.

Kusema ni rahisi. Lakini kuna siku alifika Inoke, baba yake Titilia. Titilia alikuwa ameshinda asubuhi. Inoke alikuwa amechimba shimo, amepasha mawe, amepika nguruwe humo, akasafiri kwa basi na mzigo magotini. Watu wa kwao na wa kwao Mwalimu ni watani, kwa hiyo maneno hayakuwa na breki.

"Mwalimu, nyie kwenu mnakula nini? Upepo?"

"Tunakula, kaka. Ila hatukimbii na nguruwe tumboni."

"Huyu ni mwanangu!"

"Najua. Na saa nane anakimbia."

Kina mama wakaguna. Mmoja akasema, "Huyu ana wivu na midomo ya watoto." Inoke akaanza kuufunga mzigo wake. Utani ulikuwa umekwisha, na Mwalimu aliliona hilo usoni pake. Akakaa chini, akavuta sahani, akasema, "Nipakulie mimi, kaka. Chakula chako hakitakosa mtu wa kukipokea." Akala mbele yao wote. Titilia pembeni akatafuna ndizi yake na mkate, macho chini.

Alasiri Titilia alikuwa wa nne. Ndiyo, wasikilizaji, wa nne. Alimaliza akiwa imara, hakutapika, lakini alikuwa wa nne.

"Umeona?" Inoke akasema. "Kwa nguruwe wangu angekuwa wa kwanza!"

Mwalimu alivua viatu, akalala chali kwenye nyasi. Titilia akaenda kwa baba yake, akala mpaka usingizi ukamchukua begani kwa baba. Basi la kurudi likapiga honi, likapiga tena. Inoke hakusogea.

Mwalimu aliugua muda mrefu. Maciu anasema siku moja alimwambia, "Nimechoka, Maciu. Nimechoka kuonekana mchoyo wa chakula ambacho hata si changu." Akageukia ukutani.

Kwako Maciu, kwa watoto na ukoo wote, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi.

Wasikilizaji wapendwa, wasichana sasa wako mikononi mwa Titilia. Ndiye kocha. Jana alinipigia simu. "Mjomba," akasema, "Ijumaa ni mashindano, na shangazi zangu wote wanakuja na vyungu. Mwalimu aliwezaje?"

Nikamwahidi nitalileta swali lake hewani. Mashangazi mnaonisikia jioni hii, hebu mfikirieni binti yenu. Jibu mnalo ninyi.