Nduma ya Hawaii

Mchungaji aliniambia nianze kwa salamu. Nimewasalimia mlangoni mmoja mmoja. Watatu walikataa mkono wangu, na nawaelewa. Kwa hivyo wacha niingie moja kwa moja kabla miguu haijanitoroka. Vijana wa viti vya nyuma, nawaona. Chekeni sasa, kwa sababu mbele huko sina kichekesho.

Mimi natoka Matisi, kule Kitale. Niko Fomu Tatu. Mathe, mama yangu, ana nasari ya maua kando ya barabara, ile mimea ya nchi za mbali ambayo watu wenye mageti makubwa hupenda: helikonia, krotoni, bogenvilia za rangi tatu. Sitataja mtu jina leo. Hata langu silitaji, ingawa najua mmelitaja nyinyi kwa wiki kadhaa bila kupumzika.

Mathe anajua kila mmea wake, ulikotoka na unachotaka kunywa. Lakini mwandiko wake bana, ni kama kuku amepita. Kwa hivyo kazi ya vibao ni yangu. Nakata ndoo nyeupe ya mafuta ya kupikia vipande virefu, naandika jina kwa maka peni, nachomeka kwenye udongo. Kazi rahisi. Sasa mpe mtu kama mimi kazi rahisi uone.

Nilianza kidogo kidogo. Helikonia nikaiita Mdomo wa Jirani. Krotoni ikawa Sare ya Bendi ya Shule. Dungusi kakati lenye miiba nikaandika Mkono wa Mwalimu wa Hesabu. Wateja walicheka, wakapiga picha, wakanunua. Mathe alinung'unika, "Kijana, hayo si majina," lakini mimea ilikuwa inatoka, akaniacha. Nami kichwa kikafura.

Sasa kuna mmea mmoja mkubwa, jani lake pana linang'aa kama limepakwa mafuta. Mathe huuita sikio la ndovu. Siku ya kwanza kuushika aliniambia, na nakumbuka alikuwa amenishika mkono akisema: "Huu ni wa kuangalia tu. Utomvu wake unawasha. Usiguse macho. Na usiwahi kuweka mdomoni hata kipande, unafanana na nduma lakini si nduma."

Ndugu zangu, nawaambia hayo ili msije mkanitetea. Nilikuwa nimeambiwa. Nilijua.

Mwaka jana akina mama wa kanisa hili walikuja Kitale kununua maua ya kupamba uwanja wenu hapa. Mathe alikuwa nyuma anafunga miche, mimi niko mbele nauza maneno. Mama mmoja mzee akasimama kando ya sikio la ndovu. Nitamwita Kukhu, nyanya, kama mnavyomwita wote, na ameketi pale mbele na leso yake ya kijani.

Akaniuliza, "Mjukuu, hii si nduma?"

Rafiki yangu alikuwa hapo, tayari anajiziba mdomo. Ningefanyaje? Ningeweza kusema hapana. Ni neno moja. Badala yake nilikaza uso kama karani wa mahakama nikasema, "Ni nduma, Kukhu. Lakini hii ni ya Hawaii."

"Ati Hawaii?"

"Huko wanakula asubuhi, mchana na jioni. Ndiyo sababu wanacheza densi kila wakati."

Akacheka sana. Nikaona haitoshi. Nikatoa maka peni nikamwandikia kibao, nikamsomea: NDUMA YA HAWAII. CHEMSHA KIDOGO TU. TAMU KAMA KEKI. Nikajiambia, si ni maua ya kanisa, yatakaa pale uwanjani, nani atakula uwanja? Walipoondoka, mimi na rafiki yangu tulicheka mpaka tukakaa chini.

Kisha nikasahau. Hilo ndilo linaniuma kuliko yote. Mimi nilisahau, na Kukhu akaenda kupanda. Hakuupanda uwanjani. Aliubeba nyumbani kwake, akauweka pale chini karibu na kijito, akautilia mbolea ya ng'ombe, akaupalilia mwaka mzima. Machipukizi akawagawia majirani. Alikuwa anautunza mzaha wangu kama mtoto.

Mnajua yaliyofuata kuliko mimi. Ushirika wa akina mama ukaenda kwake kunywa chai. Kukhu alitaka kuwaandalia kitu ambacho hakuna mwenzake amewahi kuandaa. Akachimba, akamenya, akachemsha kidogo tu, kama kibao kilivyosema. Na kwa sababu hapa kwenu mpishi huonja kwanza kabla ya mgeni, akaonja.

Hakuna mgeni aliyefikiwa na sahani. Kukhu aliyapokea yote peke yake. Ulimi ukavimba, koo likafunga, akawa anaonyesha kwa mkono tu. Akina mama wakambeba mpaka hospitali, akalala huko siku mbili. Akatoka mzima, lakini bila sauti. Na nyinyi mnajua sauti hiyo ilikuwa ya nani hapa. Kila wimbo wa kanisa hili, yeye ndiye alikuwa anaanzisha.

Habari ilifika Kitale kwa simu. Mathe alishangaa. "Nduma? Mimi siuzi nduma. Labda aliinunua sokoni." Kisha akanigeukia. "Wewe ndiye unaandika vibao. Kuna mahali uliandika nduma?"

Nikasema, "Hapana, mathe."

Haraka hivyo. Hata sikumeza mate.

Wiki tatu nikanyamaza. Shuleni nilikuwa bado nachekesha watu, lakini nikifika nyumbani naona jani lile linang'aa nageuka. Halafu nikasikia kwamba huku watu wanasema Kukhu amezeeka, hajui tena kupika, nusura aue wageni. Mkamtoa kwenye kamati ya jikoni. Samahani, sisemi kuwalaumu. Mlihukumu kwa yale mliyoyaona. Aliyejua zaidi alikuwa Matisi, anakula chapati.

Jumamosi moja mathe akasema twende tumwone Kukhu, kwa kuwa ni mteja wetu. Tukafunga sukari na maziwa. Njiani kote niliomba mvua kubwa, tairi lipasuke, chochote. Hakuna kilichotokea.

Kukhu alitupokea vizuri mpaka nikatamani anipige. Akaongea kwa mnong'ono, kama mtu anayepuliza moto. Kitu cha kwanza, akamwomba mathe msamaha. Ati aliharibu mmea wake mzuri kwa kutojua kuupika. Mathe akawa anamtazama, haelewi.

Kukhu akainuka, akaenda kwenye kabati, akarudi na Biblia yake. Akaifungua. Ndani yake alikuwa amehifadhi kibao changu. Kipande cha ndoo, kimefutwa udongo kikawa safi.

Akakiweka mkononi mwangu. "Mjukuu, wewe umesoma. Macho yangu si mazuri. Nisomee tena. Nilikosea wapi?"

Nikawa na mwandiko wangu mkononi. Mathe yuko hapo, na huo mwandiko anaujua. Nikasoma kwa sauti. Nduma ya Hawaii. Chemsha kidogo tu. Nilipofika kwa keki, nikakilaza kibao juu ya Biblia.

Nikamwambia, "Kukhu, hukukosea mahali popote. Hii si nduma. Niliandika nikicheka."

Mathe hakunipiga wala hakunipigia kelele. Alifunika uso na leso. Mimi ningechukua fimbo kumi badala ya ile leso.

Kukhu alikirudisha kibao ndani ya Biblia. Kisha akanong'ona, "Basi utachimba."

Likizo yote ya Agosti nilichimba. Nilivaa glavu, nikapita boma kwa boma mahali machipukizi yalikuwa yamefika, na kila boma nilibisha nikasema mwenyewe: ni mimi, si yeye. Boma la kwanza nilisema nikiangalia mbwa. La nne niliweza kuangalia watu. Kukhu alinisimamia na kiti chake, na pale kijitoni tukapanda nduma yenyewe.

Huko Kitale niling'oa vibao vyote nikaandika upya. Mathe anataja, mimi naandika. Mmea ambao hata yeye hana hakika nao, nimeandika SIJUI. Tuna SIJUI tano sasa. Wateja wanauliza, na sina la kuongeza.

Mathe amenifunza kutofautisha, nami nawaachia. Nduma yetu, kikonyo chake kinashika jani kwa ndani, chini yake, si pale kwenye mkato, ule mpasuko wa jani. Jani halina mng'ao, na linainamisha uso. Lile jingine kikonyo kinashika pale kwenye mkato, linang'aa, na linainua pua juu. Moja liko kama mimi leo, lingine kama mimi siku ile. Na ukibaki na shaka, usile. Muulize aliyekuuzia, na uombe Mungu asiwe mimi.

Namshukuru mathe, aliyenileta hapa na kukaa mahali ninamwona. Nawashukuru akina mama mlioniita kunywa chai tena, ingawa siku hizi sahani ya nduma ikija, mnaniambia nionje kwanza. Ni haki yenu. Nawaomba mmrudishe Kukhu kwenye kamati. Aliwakinga kwa mdomo wake mwenyewe.

Kukhu, sijui kushukuru kwa kiasi chako. Ndugu zangu, ameniambia sauti inarudi, lakini ile ya juu bado. Kwa hivyo mpaka irudi, wimbo nitaanzisha mimi, kila Jumapili nikiwa huku. Mmenisikia nikiimba. Mbuzi wa jirani aliitikia. Vumilieni tu, Kukhu atanifuata chini chini, kadiri koo litakavyomruhusu.

Kukhu, uko tayari? Haya, tusimame.